Jina baya linatangulia bunduki

Kila mara vita vinapowaka huko Kivu, au maneno makali yanapozuka hapa kwetu Katanga kati ya wenyeji na waliokuja, hakosi mkubwa wa kusimama mbele ya mikro na kusema: tuwape vijana muziki, tuwape michoro, tuwape michezo ya jukwaani, maana anayependa sanaa hawezi kumuua mwenzake. Watu wanapiga makofi. Siku chache baadaye jukwaa linajengwa, spika zinaletwa, tisheti nyeupe zenye picha ya njiwa zinagawiwa, wimbo wa amani unaimbwa. Jioni kila mtu anarudi kwake. Familia zilizokimbia vita, zilizoitwa zije kujaza viti, zinarudi kulala palepale zilipolala jana.

Mimi ni mtu wa redio. Kipindi bila nyimbo na bila mchezo wa kuigiza ni kama bukari bila mboga, kwa hiyo asije mtu kusema kwamba nachukia wasanii. Lakini neno lile la wakubwa si kweli, na tena ni la hatari, kwa sababu linatulaza usingizi. Kupenda sanaa hakujawahi kumzuia mtu kuua. Sanaa inaweza kusaidia, ndiyo, lakini inasaidia mahali pamoja na wakati mmoja: pale watu wanapoanza kuitana majina mabaya, kabla ya bunduki kufika. Tukichelewa hapo, hata waimbaji wote wa Kongo wakikusanyika uwanjani hawatarudisha risasi nyuma.

Acheni nieleze, hatua kwa hatua.

Aliyeitunza sanamu na aliyekatwa kichwa

Tuanze na ardhi yetu wenyewe. Mwaka 1884, ukingoni mwa magharibi mwa ziwa Tanganyika, upande wa Moba ya leo, alikuwako ofisa Mbelgiji, Émile Storms, akiongoza kituo cha Mpala kwa ajili ya shirika la mfalme Léopold wa Pili. Jirani yake mwenye nguvu alikuwa chifu Lusinga wa Watabwa. Lusinga hakuwa malaika: alikamata watu na kuwauza utumwani. Mwezi wa Desemba mwaka ule watu wa Storms walishambulia kijiji chake, wakamuua, wakamkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji. Pamoja nalo ilienda sanamu ya mti ya Lusinga, kazi ya fundi aliyejua mti na aliyejua heshima ya chifu.

Storms aliiweka sanamu ile nyumbani kwake Brussels, akaitunza miaka na miaka. Leo iko katika jumba la makumbusho la Tervuren, na watu wanaitazama wakisema: tazama uzuri huu! Ni kweli, ni nzuri. Sasa niambieni, nyumba ile ilikosa upenzi wa sanaa? Sanamu ilipewa mahali pa heshima sebuleni. Mwenye sanamu alibaki bila kichwa.

Palepale Tervuren, mwaka 1897, Léopold alifanya maonyesho makubwa. Vitu vya Kongo viliwekwa ndani ya jumba la fahari. Wakongomani 267 waliletwa nao wakawekwa nje, katika vijiji vya kuigiza, ili watu wapite wakiwatazama. Saba walikufa na kuzikwa hukohuko. Huku Kongo, wakati uleule, watu walikuwa wanapigwa na kuuawa kwa ajili ya mpira wa misitu. Waliopanga foleni kutazama sanamu hawakuuliza juu ya mkono uliozichonga.

Hapo ndipo mahali pa kwanza wakubwa wetu wanapokosea. Mtu anaweza kupenda kitu na kumdharau aliyekitengeneza. Anaweza kucheza rumba ya kabila fulani usiku kucha, na asubuhi akawafukuza watu wa kabila lile mtaani mwake. Masikio yake yanapenda. Moyo wake haujahama hata hatua moja.

Mji wa wachoraji nao uliwaka

Mtu atasema: hao ni wakoloni, sisi ni tofauti. Haya, tuje nyumbani.

Katika Kongo yote, ni miji michache inayoweza kujivunia sanaa kama Lubumbashi. Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya uchoraji iliyoitwa Hangar. Humo walitoka Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga, ambao kazi zao zimezunguka dunia. Mwaka 1951 ukafuata chuo cha sanaa. Jumba letu la makumbusho nalo ni la miaka ileile. Muziki je? Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi nyimbo, alimkuta kijana wa Bunkeya akipiga gitaa huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Kijana huyo ni Mwenda Jean Bosco. Wimbo wake Masanga ulifika mbali kuliko treni yoyote ya Katanga, na wapiga gitaa wa Kenya, Uganda na Tanzania walijifunza kwa vidole vyake.

Shikeni jina hilo, Likasi. Miaka 40 baada ya gitaa lile, katika mji uleule, jirani alimtoa jirani nyumbani.

Wazee wanakumbuka, lakini watoto wengi hawajasimuliwa, kwa hiyo niseme kwa kifupi. Tangu wakati wa wakoloni, Union Minière na kampuni ya reli ya BCK ziliwaleta watu wa Kasai kufanya kazi Katanga, na mwaka 1928 reli ilipofika Ilebo safari ikawa rahisi zaidi. Walizaa hapa, walizeeka hapa, walizikwa hapa. Kisha Gécamines ikaanza kuanguka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Kampuni iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 ilishuka mwaka 1993 hadi chini ya tani 100,000. Kazi zikapungua, mishahara ikakawia, tumbo likaanza kutafuta wa kulaumu.

Wanasiasa wakamwonyesha. Gavana wa wakati ule, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, na chama cha UFERI cha Nguza Karl-i-Bond, walisimama na neno kwamba Katanga ni ya Wakatanga. Tarehe 15 Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa huko Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguza. Siku zilizofuata Likasi iliwaka, na mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Vijana wa JUFERI walichoma na kupora. Maelfu kwa maelfu ya familia zilijazana kwenye vituo vya treni, zikilala juu ya mifuko yao, zikingoja mabehewa ya kuzipeleka Kasai, nchi ambayo watoto wao wengi hawakuwa wameiona hata siku moja. Wengi walikufa njiani, watoto kwanza.

Lakini kabla ya moto kulikuwa na neno. Wakasai waliitwa bilulu. Wadudu. Neno dogo, la kuchekesha, la mtaani. Lilianza kwa mzaha kwenye kinywaji, likahamia kwenye mikutano, likahamia kwenye midomo ya watoto. Mdudu humfukuzi kwa barua. Mdudu unamkanyaga au unampulizia dawa. Neno likishakaa, kazi ya bunduki na panga ni ndogo tu.

Sasa jiulizeni: waliosema bilulu hawakuwa wanamjua Mwenda? Hawakuwa wametundika picha nyumbani? Walikuwa wanamjua, na walikuwa wametundika. Sanaa ilikuwako tele, na jina baya lilipita katikati yake likafika kwenye stesheni.

Wimbo nao unaweza kushika panga

Mbaya zaidi, vita navyo vinapenda sanaa. Hakuna jeshi linalotembea bila wimbo. Hakuna kundi la porini lisilo na mtunzi wake.

Jirani zetu wa Rwanda walikuwa na mwimbaji wa kipaji kikubwa, Simon Bikindi, mwenye kundi la ngoma na sauti ambayo watu wa nchi nzima waliijua. Nyimbo zake zilipigwa sana kwenye redio ya RTLM wakati watu wakiuawa mwaka 1994. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu mwaka 2008 kifungo cha miaka 15. Na wasomaji wangu wajue vizuri jambo hili: hukumu ile haikutolewa kwa sababu ya nyimbo zenyewe. Ilitolewa kwa sababu ya maneno aliyosema mwezi wa Juni 1994, akipita barabarani na kipaza sauti, akichochea watu wauliwe. Lakini majaji walikubali kwamba nyimbo kadhaa zilikuwa za kuchochea chuki. Watu walimsikiliza barabarani kwa sababu walikuwa wameshampenda kwenye redio. Upenzi wa sanaa ndio uliofungua masikio, na sumu ikapita mlango uleule.

Kwetu je? Kwetu tuna libanga. Kila mtu anajua inavyokwenda: mwenye pesa anamlipa mwanamuziki, jina lake linatajwa katikati ya wimbo, na mwanamuziki anakula. Sitamlaumu msanii mwenye njaa kwa kutaja jina la mfanyabiashara. Lakini wakati wa uchaguzi libanga inageuka. Mkubwa halipii tena jina lake tu. Analipia na jina la kumtupia mwenzake. Wimbo wa kumsifu mwana wa nchi unaongezwa mstari mmoja juu ya wageni wanaokula nchi. Vijana wanaucheza harusini bila kufikiri. Na sisi wa redio tunauweka hewani, kwa sababu ala zake ni tamu na kwa sababu bahasha imefika.

Ndiyo maana ninapomsikia mkubwa akisema sanaa itatuletea amani, swali langu la kwanza kwake ni hili: ni nani anayelipa msanii, na analipia mstari gani?

Goma waliimba, na vita vikaja

Ninyi mliotoka Goma na Bukavu hamhitaji kufundishwa sehemu hii. Mnaijua kuliko mimi.

Baada ya M23 kushindwa mwishoni mwa mwaka 2013, mwezi wa Februari 2014 Goma ilifanya tamasha la kwanza la Amani. Lilikuwa limepangwa kufanyika miezi mingi kabla, vita vikalisukuma mbele. Lilipofika, vijana wa makabila yote walijaa, wakacheza, wakaimba kwa sauti moja, na tamasha likaendelea kufanyika miaka iliyofuata. Sitamruhusu mtu acheke kitu kile. Kijana wa Goma aliyezaliwa vitani na kukulia vitani alipata siku tatu za kujua mji wake unaweza kuwa nini.

Lakini mwisho wa Januari 2025, M23 waliingia Goma, na Februari wakaingia Bukavu. Tamasha halikuwazuia, na halikuweza kuwazuia. Vita vile vina madini ndani yake, vina mipaka, vina majeshi ya nchi jirani, vina askari wetu wasiolipwa vizuri, vina mashamba yanayogombewa tangu wakati wa mababu. Gitaa haliwezi kulipa mshahara wa askari. Wimbo hauwezi kufunga njia ya koltani. Anayewaambia kijana wa Goma kwamba angeimba zaidi vita visingekuja, anamtupia mzigo wa watu wengine.

Tarehe 13 Februari 2025, mwimbaji Delcat Idengo alipigwa risasi akafa Goma, akiwa anarekodi video. Alikuwa ameimba vikali dhidi ya serikali akafungwa. Gereza la Munzenze lilipofunguka katika fujo za Januari, akatoka. Akaimba tena, safari hii juu ya wale walioshika mji. Hakumaliza mwezi. Unaweza kupenda nyimbo zake au kuzikataa, lakini ona jambo moja: wenye nguvu wa kila upande waliogopa wimbo. Hawakuogopa tamasha lenye tisheti. Wimbo unaosema kitu ndio uliowasumbua.

Basi sanaa inasaidia nini?

Hapa ndipo wengine watasema: umebomoa yote, mtu wa redio, sasa jenga. Haki yao.

Nina ushahidi wa aina mbili, na wote ni wa redio, kwa hiyo unanihusu.

Wa kwanza ni wa Rwanda. Kuanzia mwaka 2004 kulikuwa na mchezo wa redio ulioitwa Musekeweya, maana yake alfajiri mpya: jamii mbili jirani, ardhi haitoshi, viongozi wanachochea, vijana wanapendana ng'ambo kwa ng'ambo na kukataa kuchochewa. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aligawa wasikilizaji kwa bahati nasibu: wengine walisikiliza mchezo huo kwa mwaka mzima, wengine mchezo wa afya. Matokeo aliyotoa mwaka 2009 yanapaswa kusomwa na kila mkubwa wa matamasha. Mchezo haukubadilisha sana mawazo ya moyoni. Aliyeamini hivi aliendelea kuamini hivi. Lakini ulibadilisha kile ambacho watu walidhani kinafaa kufanywa mbele ya wengine, na ukabadilisha matendo. Walipopewa kanda na redio ya kutumia pamoja, wale wa mchezo wa afya waliona ni jambo la kiongozi kuvitunza. Wale wa Musekeweya walisimama, wakabishana, wakasema: hapana, ni vyetu sote, tutavisimamia wenyewe.

Mmeelewa? Walijifunza kwamba mtu wa kawaida anaweza kusema hapana mbele ya mkubwa na asife kwa aibu. Hiyo ndiyo kinga. Mauaji yanahitaji wachache wa kuchochea na wengi wa kunyamaza. Mchezo mzuri unaupa umati wa wanyamavu mfano wa mtu asiyenyamaza.

Wa pili ni wa hapa Kongo, upande wa mashariki, na unauma. Mtafiti yuleyule alifuatilia mchezo wa redio wa kupatanisha watu. Sehemu nyingine, baada ya mchezo, waliongeza kipindi cha majadiliano kilichotaka wasikilizaji wazungumze sana juu ya mambo yale. Matokeo ya mwaka 2010: waliopata majadiliano walizungumza zaidi, ndiyo, lakini walizidi kukumbuka manung'uniko yao, walipunguza uvumilivu, na hawakuwa tayari kuwasaidia watu wasiowapenda kama wale waliosikiliza mchezo peke yake. Nia ilikuwa njema. Matunda yalikuwa machungu.

Wenzangu wa redio, somo hilo ni letu. Tunafungua laini za simu, tunasema "toeni maoni", kisha tunaacha kila mtu amwage jeraha lake hewani bila mtu wa kulifunga. Tunaita hiyo demokrasia. Jeraha lililofunguliwa bila dawa linaoza.

Kwa hiyo nasema: sanaa inasaidia inapoonyesha jirani akimkataza jirani, kwa lugha ya mtaani, mapema, tena na tena. Hapa tulikuwa nayo. Kundi la Mufwankolo lilituchekesha kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kwenye redio na televisheni, likionyesha baba mlevi, bosi mwizi, mkubwa anayekula peke yake. Mwaka 1986, chini ya Mobutu, walicheza kwa Kiswahili mchezo mzima juu ya msemo kwamba mamlaka huliwa mazima. Watu walicheka, na wakati wakicheka walijua wanamcheka nani. Sitadai kwamba waliizuia 1992, maana haikuzuiliwa. Nasema kwamba somo la kumcheka mkubwa anayechochea lilihitaji kufundishwa kila wiki, kwa miaka, Likasi na Kolwezi pia, kwa ajili ya jambo lile hasa la kuitana majina.

Tulikuwa pia na picha za ukumbusho. Katika miaka ya 1970, katika nyumba nyingi za wafanyakazi hapa, ukutani kulikuwa na mchoro: askari wa wakati wa Mbelgiji na fimbo yake, Lumumba amefungwa kamba, vita vya Katanga. Mgeni akiingia, anauliza, mwenye nyumba anasimulia, mtoto anasikia. Tshibumba Kanda Matulu, mwana wa mji huu aliyezaliwa mwaka 1947, alichora historia nzima ya nchi katika picha 101, akaisimulia kwa Kiswahili kwa mtaalamu Johannes Fabian mwaka 1973 na 1974. Humo kuna kujitenga kwa Katanga, na humo kuna maiti za Kasai. Hakuficha upande mmoja. Picha zile leo ziko Amsterdam. Mtoto wa Katuba anayetaka kujua babu zake waligombana kwa nini, avuke bahari.

Naomba nini

Niseme wazi, ili asitokee mtu kusema ni lawama tu.

Kwa wanamuziki: pokeeni libanga ya majina, mnakula nini vinginevyo. Lakini bahasha ikija na mstari wa kumwita mtu mdudu, nyoka, au mgeni katika mji aliozaliwa, irudisheni. Mkono uliopiga gitaa la amani Jumamosi usipige lile la chuki Jumatatu.

Kwa sisi wa redio: wimbo usikilizwe maneno kabla ya kuingia hewani, hata uwe wa nani. Na tuache kufungua simu juu ya makabila kama hatuna mtu aliyejiandaa kufunga kile tulichofungua.

Kwa wakuu wa jimbo na wa mji: kabla ya jukwaa lingine la amani, tafuteni nakala za picha za Tshibumba, zitundikwe katika shule za Kenya, Katuba, Ruashi, Likasi, Kolwezi. Habari ya stesheni ya Likasi iandikwe na ichezwe na wanafunzi, watoto wa Kasai na watoto wa Katanga kwenye jukwaa moja, kwa sababu mambo yanarudi. Treni bado zinaleta watu, vijana wa pikipiki bado wanatazamwa kwa jicho baya, na neno la zamani halijafa; nalisikia sokoni, likitamkwa na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1992.

Kwa wasanii wa mjini: tangu mwaka 2008 wenzetu wa Picha wanaleta hapa wasanii wa dunia kwa maonyesho yao. Ni heshima kwa mji. Njia ya kutoka katikati ya mji kwenda kwenye uwanja wa vumbi wa komini ni fupi kuliko ya kutoka Paris. Ifupisheni zaidi.

Na kwenu, familia mliokimbia, kutoka Kivu, kutoka Ituri, na ninyi mliowahi kukimbia hapa ndani ya Katanga, Mitwaba, Pweto na Manono, katika ile tuliyoiita pembetatu ya kifo. Najua mnachohitaji kwanza ni unga, paa, shule na usalama wa kurudi, na asiwadanganye mtu kwamba ngoma inashibisha. Lakini msikubali kuwa watazamaji wa amani yenu. Wakija kuwaita, ulizeni: tutakaa kwenye viti, au tutashika mikro? Simulieni wenyewe, kwa maneno yenu.

Nina neno gumu la kuongeza, na naliweka kwa heshima, mama zangu na baba zangu. Mmefukuzwa na watu wenye bunduki, na hasira yenu ni haki. Lakini wimbo unaomfundisha mtoto kwamba kila mwenye pua fulani au lugha fulani ni adui, ni bilulu ileile iliyobadilisha nguo. Mama Mnyamulenge anayetembeza bidhaa zake sokoni hapa Lubumbashi hakuwarushia bomu. Waliofanya wana majina yao, wana vyeo vyao, wana walipaji wao, tuwataje hao. Aliyewahi kuitwa mdudu anajua jinsi neno lile linavyoua. Asimpe mwanawe alibebe.

Wakubwa wataendelea kujenga majukwaa, na tutaendelea kwenda, maana tunapenda kucheza. Siku mtakapokuwa pale, sikilizeni mashairi, si ngoma tu. Mwimbaji akimtaja jirani yenu kwa jina baya, acheni kucheza. Simameni tu, mikono chini, mpaka aone.